Geti la Asubuhi, Geti la Jioni: Kisa cha Utafiti Kuhusu Vibarua wa Industrial Area

Profesa mmoja wa sosholojia hapa Nairobi alikuwa akiongoza utafiti kuhusu vibarua wa Industrial Area, eneo la viwanda la jiji hili. Alitaka kujua kibarua wa kiwandani hupata kazi siku ngapi kwa wiki, huwa na mwajiri mmoja au wengi, na huwa amekaa kwa mwajiri huyo muda gani. Hojaji zilipoanza kuingia, majibu yote yalielekea upande mmoja. Kibarua aliyeonekana kwenye data alikuwa mtu wa kutangatanga: leo geti hili, kesho lile, siku mbili tatu za kazi kwa wiki, na hana kiwanda ambacho angeweza kusema yeye ni mtu wa pale.

Picha hiyo ilikuwa ya kweli kwa kundi moja la vibarua na ya uongo kwa lingine, na kundi lililokosekana ndilo lililohitaji kuonekana zaidi. Maswali yalikuwa mazuri, kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, kilikuwepo, na kamati ya maadili ilikuwa imepitisha kila kitu. Tatizo lilitoka mahali ambapo hakuna mtu aliyefikiria kuangalia, yaani namna wasaidizi wa utafiti walivyokuwa wakilipwa.

Mimi hufundisha mbinu za utafiti, na niliombwa kuipitia data ya mradi huo kabla uchambuzi haujaanza. Naandika kwa ruhusa ya profesa na ya wasaidizi wake, na nimeacha majina ya watu, chuo na viwanda. Nimeona ni lazima kisa hiki kiandikwe kwa sababu jiji hili lina watafiti wengi, na malipo ya wanaokwenda mtaani kuhoji watu hayajadiliwi hata kidogo katika ripoti tunazozisoma.

Kwanza niseme kuhusu darasa lake, maana bila hilo kisa hakieleweki. Somo lake la kazi na jamii ni la mwaka wa tatu, na kwa miaka mingi limekuwa likijaa hadi wanafunzi wanasimama ukutani. Anaanza na waasisi wa sosholojia, Marx, Durkheim na Weber, kama ilivyo desturi, lakini hakai huko sana. Baada ya wiki chache anawaleta wanafunzi Mombasa ya Januari 1947, pale wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa mahoteli walipogoma pamoja, na Chege Kibachia akawa kiongozi wa chama chao hadi alipokamatwa mwaka huohuo. Anawaonyesha jinsi serikali ya kikoloni, baada ya mgomo huo, ilivyozidi kuogopa kibarua wa siku, mtu asiye na mwajiri maalumu wa kumdhibiti, na jinsi ripoti ya mwaka 1954 ya Kamati ya Carpenter, iliyochunguza ujira wa Waafrika, ilivyopendekeza ujira wa kumwezesha mfanyakazi kukaa mjini na familia yake. Kisha anafika mwaka 1972, wakati wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walipokuja Kenya na kuandika kwamba watu waliodhaniwa hawana kazi mjini walikuwa wakifanya kazi sana, tena kwa bidii, ila nje ya vitabu vya serikali. Tangu ripoti hiyo dunia nzima imekuwa ikizungumza kuhusu sekta isiyo rasmi, na katika Kenya ya leo sekta hiyo ina zaidi ya asilimia 80 ya ajira zinazohesabiwa nje ya kilimo kidogo.

Zoezi lake maarufu ni hili: kila mwanafunzi aandike siku moja ya kazi ya mtu anayemjua, tangu anapoamka hadi anapolala, na kando ya kila saa aandike nani anailipia. Wanafunzi hurudi wakiwa wameshtuka. Binti wa mlinzi wa usiku hugundua kwamba babake hutembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, na hakuna anayelipia saa hizo. Kijana ambaye mamake hufua nguo Eastleigh huandika kwamba mama hukaa kwenye ukingo wa barabara tangu saa moja asubuhi akingoja kuitwa, na siku asipoitwa, kungoja kule kote ni hasara yake peke yake. Profesa huliuliza darasa kila mwaka: nani anabeba gharama ya kungoja? Kwa maoni yangu hilo ni miongoni mwa maswali bora zaidi yanayoweza kuulizwa kuhusu kazi katika jiji hili.

Swali hilohilo ndilo lililokuja kuulizwa ndani ya mradi wake.

Getini

Wasaidizi wa utafiti walikuwa wanafunzi sita wa uzamili. Walipewa simu zenye programu ya hojaji, wakagawanywa kwenye mageti kadhaa kando ya Lunga Lunga Road na Enterprise Road, na kila mmoja akaahidiwa shilingi 300 kwa kila hojaji iliyokamilika. Hakuna aliyepewa barua. Fedha zingetoka chuoni kama masurufu, yaani fedha za shughuli ambazo hesabu yake lazima irudishwe, na idara ya fedha ilikuwa imesema malipo yatafanywa baada ya kazi yote ya mtaani kwisha na hesabu kurudishwa.

Niliwahi kwenda na mmoja wao asubuhi moja ili nione kazi inavyokwenda. Saa kumi na mbili hivi, watu walikuwa wakimiminika kwa miguu kutoka Mukuru, mtaa wa mabanda ulio jirani, wengi wao wanawake, mikoba begani, viatu vya kazini ndani ya karatasi ya plastiki. Kwenye geti la kiwanda kimoja walisimama kama watu sitini. Karibu saa moja mlango mdogo ulifunguliwa, supavaiza akatoka na karatasi mkononi. Hakusema mengi. Alisoma majina machache kwanza, na waliotajwa wakapita moja kwa moja, wakampa soja vitambulisho vyao ambavyo wangerudishiwa jioni, wakaingia. Kisha akainua macho, akaanza kunyoosha kidole: wewe, wewe, yule wa sweta ya kijani, wewe kijana. Ndani ya dakika kumi mlango ukafungwa.

Waliobaki nje hawakuondoka mara moja. Mashine ikihitaji mtu wa ziada, supavaiza hutoka tena, kwa hiyo walikaa kwenye ukuta na kwenye kibanda cha chai, wakingoja hadi saa tatu au saa nne. Hapo ndipo msaidizi wetu alipofanya kazi yake. Watu wana muda, wamekaa, wako tayari kuzungumza, na mhojaji anatoka kwa mmoja na kuhamia kwa aliyekaa karibu naye. Hojaji moja huchukua kama nusu saa. Hadi saa nne alikuwa amemaliza sita, akafunga simu, akaenda maktaba kuandika tasnifu yake.

Kumbuka yale majina yaliyosomwa kwanza kwenye karatasi. Nilipomuuliza msaidizi ni akina nani wale, alinijibu, "Hao ni wa kila siku, mwalimu. Hao hawapatikani."

Nilirudi ofisini nikafungua data. Kila hojaji huweka saa iliyoanzishwa na saa iliyofungwa. Karibu zote zilikuwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Mpango wa mradi ulisema nusu ya mahojiano yafanywe jioni, wafanyakazi wanapotoka, na mengine Jumapili majumbani. Jioni kulikuwa na hojaji za kuhesabika kwa vidole, na Jumapili hakukuwa na kitu.

Kikao

Profesa alipoona saa hizo, aliwaita wasaidizi wote. Wa kwanza kuzungumza alikuwa binti anayeishi mtaa wa Pipeline, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake:

"Prof, mama anayetoka kiwandani saa kumi na mbili jioni hasimami. Ana watoto nyumbani na hajapika. Nikimwambia naomba dakika thelathini, ananiambia, mwanangu, nifuate ukitaka, tuongee nikipika. Namfuata hadi Mukuru kwa Njenga. Tukifika kuna maji ya kuchota, kuna mtoto analia, mahojiano yanaisha saa mbili usiku. Siku hiyo nimepata hojaji mbili, na nauli ya kurudi imetoka mfukoni mwangu. Asubuhi napata sita."

Sita ni shilingi 1,800. Mbili ni shilingi 600, ukitoa nauli na ukijumlisha hatari ya kutembea peke yako usiku. Hakuna aliyewaambia wasaidizi wawakwepe vibarua wa kila siku. Bei ndiyo iliyowaambia hivyo. Kila mmoja wao kivyake alifanya hesabu ileile, na hesabu sita za namna hiyo zikageuka kuwa matokeo ya utafiti.

Mwingine alisema jambo lililomgusa profesa zaidi. Alisema jirani yake mmoja yuko kwenye kiwanda kimojawapo kati ya vile, anafunga katoni, anaingia mwaka wa sita, analipwa kila Jumamosi kwa siku alizofanya, na hajawahi kuona karatasi yoyote yenye jina lake isipokuwa ile ya supavaiza. "Nikisoma data yetu," alisema, "jirani yangu hayupo duniani."

Wapo wenzangu wanaosema wasaidizi wale walikuwa wavivu na walipaswa kufuata mpango. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpango uliwataka wangoje hadi jioni, wasafiri, wakae jikoni mwa mtu hadi usiku, na saa hizo zote hazikuwa na bei. Mradi uliihamisha gharama ya kungoja kutoka kwenye bajeti ukaiweka mgongoni mwa wanafunzi, kama kiwanda kinavyoihamisha kutoka kwenye vitabu vyake na kuiweka kwenye ukuta wa nje ya geti. Mtu anayelipwa kwa idadi hutafuta idadi mahali inapopatikana kwa urahisi. Kumlaumu mtu huyo ni kukataa kuona aliyeipanga idadi.

Sosholojia ya kazi imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Donald Roy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alifanya kazi ya kutoboa vyuma kwenye kiwanda kimoja mwaka 1944 na 1945, akilipwa kwa idadi ya vipande. Aliona wenzake wakizigawa kazi mafungu mawili: zile ambazo bei yake inalipa, walizikimbilia na kuzifanya kwa kasi, kisha wakajizuia wasivuke kiwango fulani ili bei isije ikapunguzwa, na zile ambazo bei yake hailipi, walizifanya polepole kwa kuwa juhudi isingewaongezea chochote. Miaka thelathini hivi baadaye, mwaka 1974, Michael Burawoy, ambaye alikuwa ametoka kufanya utafiti kwenye migodi ya shaba ya Zambia, aliajiriwa kwenye kiwanda cha eneo la Chicago, na baadaye akatambua kwamba ni kilekile cha Roy. Akaandika jinsi malipo ya namna hiyo yanavyoigeuza kazi kuwa mchezo, na jinsi mfanyakazi anavyozama katika kuucheza mchezo vizuri hadi asiulize nani aliyeweka kanuni zake.

Profesa hufundisha Roy na Burawoy kila mwaka. Nilikuwepo alipowatajia wasaidizi majina hayo mawili, na hakuhitaji kueleza zaidi, maana wote sita walikuwa wamepita kwenye darasa lake. Hojaji ya asubuhi ilikuwa kazi inayolipa. Hojaji ya jioni ilikuwa isiyolipa. Nadharia ilikuwa imekaa ubaoni miaka yote, na bajeti ya utafiti ikaandikwa kwenye ofisi nyingine, na mtu mwingine, kwenye fomu ambayo ina mstari wa "idadi ya hojaji" na haina mstari wa saa za mhojaji.

Kwa nini kosa hili lina uzito

Hili lingeweza kuonekana kama suala la wasomi na takwimu zao. Lakini tazama linavyogusa maisha ya watu.

Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinahusu vibarua. Kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia angalau mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika ndani ya jumla ya miezi mitatu, sheria haimhesabu tena kuwa kibarua. Mkataba wake hugeuka, na anastahili kulipwa kwa mwezi na kupewa notisi. Akiendelea miezi miwili au zaidi, anastahili masharti yote ambayo angeyapata kama hangeanza kama kibarua, pamoja na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi. Na kama mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha mahakamani, jukumu la kuthibitisha masharti ya kazi linabaki kwa mwajiri huyo.

Yule jirani anayefunga katoni, anayeingia mwaka wa sita, anaangukia humo moja kwa moja. Aliyekataliwa getini Jumanne na kuchukuliwa Alhamisi kwenye geti jingine pengine haangukii humo. Utafiti unaomwona wa pili peke yake utaiambia serikali kwamba tatizo la vibarua ni la kutafuta kazi, na dawa yake ni kuwaunganisha na waajiri, labda kwa programu ya simu. Utafiti unaomwona wa kwanza utasema kwamba sheria ipo tangu 2007, kazi ipo kila siku, na kinachokosekana ni afisa wa kazi wa kuingia ndani ya geti na kuomba kuona karatasi. Hizo ni sera mbili tofauti kabisa, na nauli ya msaidizi mmoja kwenda Mukuru ingeweza kuamua ni ipi itakayopelekwa wizarani.

Kuna upande wa pili, nao haupendezi. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 18, inasema kwamba anayelipwa kwa kiasi cha kazi alipwe mwisho wa kila mwezi kwa kadiri alivyofanya, au kazi inapokamilika, lolote litakalotangulia. Wasaidizi walikuwa mtaani wiki saba wakati wa kikao kile, na hakuna aliyekuwa amepokea hata senti. Idara ya fedha ilikuwa ikingoja hesabu za masurufu. Binti wa Pipeline alikuwa ameazima kodi ya nyumba. Nilimsikia akimwambia profesa kwa upole, bila hasira, kwamba yeye huwauliza watu swali la kumi na nne, "Mara ya mwisho ulilipwa lini?", na wengine humgeuzia swali hilohilo, na huwa hana la kuwajibu.

Kilichobadilishwa

Profesa alisimamisha kazi ya mtaani kwa wiki mbili. Namheshimu kwa hilo, maana mfadhili alikuwa akiuliza ripoti na ingekuwa rahisi kuendelea. Aliacha malipo ya hojaji na kuweka malipo ya siku, akiongeza nauli na muda wa maongezi wa simu. Kila msaidizi alipata barua yenye kazi, muda, kiwango na tarehe ya kulipwa. Mahojiano ya usiku yalifanywa na watu wawili pamoja. Fedha hazikuongezeka, kwa hiyo sampuli ikapunguzwa, na mwakilishi wa mfadhili hakufurahi. Alisema idadi ndogo itaudhoofisha utafiti. Profesa alimjibu kwamba hojaji mia moja za watu wanaohusika zinamfaa kuliko mia nne za waliokaa karibu na mhojaji.

Kupata orodha ya wafanyakazi wa kila siku kulikuwa kazi ngumu kuliko tulivyotarajia. Viwanda havikutoa majina, na hatukutaka kupitia kwa supavaiza, kwa sababu mfanyakazi aliyeteuliwa na supavaiza hujibu akijua nani amemteua. Wasaidizi wakapitia vyama vya kuweka akiba vya wanawake, makanisa, na wenye nyumba za kupangisha huko Mukuru kwa Reuben na Pipeline. Walihoji Jumapili mchana, watu wakiwa wamepumzika. Katika mazungumzo hayo ndipo yalipojitokeza mambo ambayo geti la asubuhi halingeyatoa kamwe: watu wenye miaka kwenye kiwanda kimoja, wanaoambiwa wakae nyumbani siku chache kila baada ya miezi kadhaa kisha waitwe upya kama wageni, ili siku zisiwe mfululizo. Mama mmoja aliita siku hizo "likizo ya kusahauliwa". Mbinu hiyo ya kukata siku inalenga kifungu cha 37 moja kwa moja, na mtu aliyeibuni anaifahamu sheria vizuri kuliko wengi wa wale inaowalinda.

Hojaji za awamu ya kwanza hazikutupwa. Zilitengwa na kuitwa kwa jina linalozistahili: mahojiano na watu waliokosa kazi siku hiyo. Kwa jina hilo zina thamani kubwa, maana zinaeleza vizuri sana maisha ya kungoja.

Bado kuna mabishano mawili. La kwanza ni malimbikizo ya wiki saba za mwanzo. Chuo kimekubali kuyalipa, ila kwa kiwango cha zamani cha hojaji, kwa hoja kwamba ndicho kilichoahidiwa. Wasaidizi wanadai walipwe kwa siku. Mimi nimeandika barua ya kuwaunga mkono, na profesa ametia sahihi yake chini ya yangu.

La pili linahusu ripoti yenyewe. Nimependekeza sehemu ya mbinu iseme waziwazi wahojaji walilipwaje katika kila awamu, kiasi gani, na baada ya muda gani, mahali palepale inapotajwa ukubwa wa sampuli. Mhariri mmoja wa jarida ametujibu kwamba hayo ni mambo ya utawala, hayahusu mbinu. Tumemrudishia mswada ukiwa na jedwali la saa za mahojiano, awamu ya kwanza na ya pili kwa kulinganishwa, na aya ya malipo tumeiacha pale pale ilipo.